Geti la Migomba Kwenye Uwanja wa Ndege

Mtungulu, njia ya Lundo
12 Januari 2025

Aurelia, mjukuu wangu na mke mwenzangu,

Pokea salamu. Mimi mzima, meno yaliyobaki mazima, mbuzi wazima kupita kiasi. Mashaka yangu ni juu yako uliyeko Dodoma, mahali nasikia mtu anakunywa maji ya chupa kama mgonjwa. Mama yako Lidia kule Mkumbi anakusalimu. Mahindi yao yamefika kiunoni. Baba yako naye analalamikia kiuno, ila kiuno hicho hupona siku ya pombe.

Usiniulize kwa nini naandika wakati uliniletea simu. Simu iko kwenye debe la mahindi, imelala, iache ilale. Kwenye simu nikianza kukugombeza unasema, "Bibi, mtandao unakata." Barua haikati. Utaisoma mpaka chini. Hamidu wa dukani ataipandisha basi la Mbinga, huko mbele Mungu anajua.

Sasa kaa. Kama umeshakaa, kaa vizuri. Wanataka kuula uwanja wa ndege.

Jumanne tulikuwa na mkutano wa kijiji. Othmar, jirani yangu, akasimama na lile koti lake la harusi, akasema, "Ndugu wananchi, uwanja huu anatua nani? Kunguru! Tuugawe, kila kaya ipate kipande, watu walime mihogo." Watu wakapiga makofi. Watu wa ziwani ukiwatajia kugawana, makofi yanatangulia akili.

Nikasimama. Nikawaambia uwanja huu mnaotaka kuupanda mihogo umetengenezwa kwa miguu. Mapadri walileta kamba ya kupimia na maneno mazuri, mashine ya kushindilia hawakuleta. Wanaume wakang'oa visiki. Wanawake wakabeba mchanga. Halafu babu yako Raimundi akasema, "Ardhi inalainika kwa jembe, itakazwa kwa ngoma." Vikundi vya ngoma ya mganda vikacheza toka mwisho wa mlimani mpaka mwisho wa ziwani, nyuma yao wanawake na ngoma yao ya kioda, mpaka ardhi ikawa ngumu kama kisigino. Mimi nilikuwa binti wa Kimatengo nimeshuka na mahindi ya kubadilishana na samaki. Nikamwona mpiga ngoma. Samaki nikawasahau, na mama yangu alinichapa.

Wewe mwenyewe uliruka ukiwa tumboni! Mama yako alikuja kunisalimu masika, uchungu ukamshika wiki mbili kabla, barabara imekatika, mtoto amelala mkingamo. Ndege ikaja ikambeba. Rubani akaniambia, "Mama, panda umsindikize." Nikamjibu, "Nani atafukuza mbuzi ndege ikitaka kuondoka?" Nikabaki na kengele ya babu yako, mlinzi wa uwanja, ambaye siku hiyo hakuwepo, nikafukuza mbuzi, nikalia nikiwa nakimbia.

Mwenyekiti Dastan akaniuliza, "Bibi Kunigunda, hayo tunayajua. Itatua nyingine lini?"

Nikasema, "Kabla ya Pasaka."

"Nani kakwambia?"

"Mjukuu wangu Aurelia yuko kwenye ndege."

"Anafanya nini humo?"

Hapo ukaniaibisha, maana hujawahi kuniambia. Nikasema, anamimina chai.

Wakaandika hivi: ndege ikitua kabla ya Pasaka, uwanja unabaki. Isipotua, Jumatatu ya Pasaka wanapiga mambo, vile vigingi vya kugawia viwanja. Kwa hiyo weka birika chini, tafuta ndege, uilete. Yoyote. Hata kuukuu.

Ni mimi bibi yako,
Kunigunda


Dodoma
2 Februari 2025

Shikamoo Bibi,

Barua yako imenifikia ikinuka dagaa wa usipa. Mwambie Hamidu asiiweke tena kwenye tenga. Mimi nipo salama, nakula vizuri, nakunywa maji ya chupa na sijaugua.

Bibi, mimi simimini chai. Mimi ni rubani.

Nimeandika sentensi hiyo mara nne nikaichana mara tatu. Nilimaliza chuo mwaka juzi. Mama anajua. Nilikuficha kwa sababu nilijua ungemwomba Padri misa ya nia yangu, na nia yenyewe ingekuwa nifeli. Sasa niko kwenye kampuni ndogo inayopeleka madaktari vijijini. Nakaa upande wa kushoto, Kapteni Meshack ananikalia kulia akiniangalia, lakini usukani ni wa mikono yangu.

Na hapa ndipo nilipopiga kelele ofisini barua yako ilipofika. Kampuni inatafuta uwanja pwani ya Nyasa, madaktari wa macho na wa watoto wawe wanashuka kila mwezi. Nimewatajia Mtungulu. Bosi amekubali tuje kujaribu mara moja, Jumamosi tarehe 22 Machi, asubuhi. Kapteni akisema hapafai, watatafuta kwingine, na mimi sitakuwa na la kusema.

Uwanja unatakiwa uwe mtupu kabisa. Vichuguu visawazishwe, majani yakatwe, soksi ya kuonyesha upepo itundikwe mlingotini kama ya Babu, mbuzi wasiwepo. Ndege yetu ni kubwa kuliko zile za zamani, inahitaji urefu wote aliopima Babu, usipungue. Je, mwisho wa ziwani kuna kitu? Nijibu hilo hasa.

Mjukuu wako,
Aurelia


Mtungulu
23 Februari 2025

Aurelia,

Leo mke mwenzangu sikuiti. Salamu utapokea nusu. Barua yako imelala Mbinga wiki nzima kwa sababu lori lilijilaza katikati ya njia kama ng'ombe mwenye mimba, basi likashindwa kupita.

Rubani! Nilisoma nikacheka. Nikasoma tena nikakaa chini. Mara ya tatu nikampelekea Hamidu anisomee yeye, labda miwani yangu inanidanganya. Hamidu naye akasoma "rubani". Wewe uliyeanguka kutoka kwenye mpera wa Padri! Na hukuwa unapanda, ulikuwa umekaa! Mtu aliyeshindwa kukaa kwenye tawi leo anakaa kwenye mawingu. Na Lidia akajua, akanyamaza, akawa ananiletea maharage huku ananitazama usoni! Maharage yake nitayala, lakini bila shukrani.

Maswali yangu ni haya. Ukipiga chafya, nani anashika usukani? Na huyo Meshack anayekukalia kulia, ana mke?

Nilipomaliza kukasirika nilivaa kitenge kizuri nikaenda dukani mahali penye watu. Othmar alikuwepo. Nikatangaza. Othmar akasema, "Mwanamke arushe ndege?" Nikamwambia, "Mkeo Winifrida anakurusha kila siku, ila wewe hujawahi kutua vizuri." Hamidu alicheka mpaka mzani ukaanguka.

Tumeanza kazi. Vichuguu vimesawazishwa. Soksi nimeishona kwa kitenge changu cha WAWATA, kile cha akina mama Wakatoliki, cha bluu na nyeupe. Ukiona upepo umevaa kitenge, ujue umefika kwa bibi yako. Majani yamekatwa. Kengele ya babu yako nimeisugua kwa majivu. Kuhusu mapokezi usijali. Tutakupokea anavyopokelewa Baba Askofu. Zaidi sisemi, utaona mwenyewe ukifika.

Umeuliza mwisho wa ziwani kuna nini. Mwisho wa ziwani kuna ziwa.

Kunigunda


Mtungulu
23 Machi 2025

Wewe Aurelia,

Salamu sina. Nilikuwa nazo jana asubuhi, nikazimaliza kwa kupunga mkono.

Unajua watu tulivyoteseka? Tulijenga geti la migomba, maua mekundu juu, limefungwa kwa kamba za katani, limesimama imara kukatisha uwanja. Na kwa kuwa hatukujua utatokea upande upi, tukajenga mawili, moja kila mwisho! Hamidu alitoa robota zima la khanga, tukazitandika toka geti mpaka geti, gurudumu lako lisiguse vumbi. Kwaya ilikuwa imepangwa sauti nne. Nilichinja beberu, yule mwenye ndevu za mwalimu.

Ukaja. Kijiji kizima kikapiga vigelegele. Ukashuka, ukashuka, halafu ukapanda! Nikasema, mjukuu wangu anasalimia, ana adabu. Ukazunguka ukaja tena, chini zaidi, upepo wako ukanyanyua khanga zote za Hamidu. Moja ikamfunika Mwalimu wa kwaya, akaendelea kuongoza hivyo hivyo hajui wanakwaya wameshakimbia. Nyingine ziko ziwani, wavuvi wanazivua. Mara ya tatu ukapita juu ya mwisho wa ziwani ukatikisa mabawa, ukaondoka.

Ukaondoka! Mageti mawili, beberu, sauti nne, ukaondoka!

Othmar akaniambia mbele ya watu, "Bibi, chai imemwagika." Winifrida mwenyewe alicheka, mwanamke niliyemkanda mgongo alipojifungua. Leo nimemwona Othmar anachonga mambo, anayapanga ukutani kwake kama mishumaa. Nyama ya beberu wameila yote.

Ulikuwa wewe kweli, au ulikuwa umepiga chafya?

Kunigunda


Dodoma
28 Machi 2025

Shikamoo Bibi, na shikamoo tena kwa ajili ya ile ya Jumamosi ambayo sikuweza kushuka kukupa,

Barua yako imekuja haraka safari hii. Hasira inapanda basi la mapema. Naomba uisome hii mpaka chini, kama unavyonifundisha. Nimeikabidhi kwa muuguzi anayeshuka Mbamba Bay, ikufikie upesi.

Nilikuwa mimi. Mikono yangu, yote miwili. Niliona soksi ya kitenge nikiwa mbali nikapiga kelele, "Yule bibi yangu!" Kapteni akasema, "Vizuri. Na lile ni nini?" Bibi, Baba Askofu anapita chini ya geti kwa miguu. Ndege ina mabawa. Migomba yenu ingebaki na mabawa yetu, na sisi tungeendelea bila hayo. Nikapandisha. Mara ya pili nilitaka kutua katikati ya mageti, khanga zikainuka mbele ya kioo, sikuona kitu ila maandishi. Moja ilisema "Karibu Mgeni". Nikapandisha tena.

Mara ya tatu Kapteni aliniambia nipite tu, aangalie urefu.

Ni kweli, Bibi, mwisho wa ziwani kuna ziwa. Lakini kabla ya ziwa kuna zizi la mbuzi. Limeanzia pembeni kwenye kibanda cha Babu, limenenepa mpaka katikati ya uwanja, na lina mlango wa bluu. Mlango huo ulikuwa wa kibanda, tuliupaka rangi mimi na Babu nikiwa na miaka saba, ndiyo maana chini una alama za vidole. Kapteni Meshack akauliza, "Zizi la nani lile?" Nikajibu, "Kutoka hapa sioni vizuri, Kapteni." Mimi, rubani, nisiyeona.

Alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akaandika kwenye daftari lake, na daftari hilo mimi naliogopa kuliko mawingu. Mwishowe akasema, "Ardhi ni nzuri. Watu wanautaka uwanja wao. Nakupa mara nyingine moja." Ni Jumamosi tarehe 12 Aprili. Bila geti, bila khanga, bila zizi. Likiwepo zizi, urefu hautoshi, na sitajaribu hata kama ni wewe uliyesimama hapo unapunga mkono.

Najua ulianza kuwalaza mbuzi pale Babu alipofariki, kibanda kisikae bila mtu. Sikuulizi lolote. Nakuomba tu.

Kapteni ana mke na wajukuu watano.

Mjukuu wako,
Aurelia


Mtungulu
7 Aprili 2025

Mke mwenzangu,

Salamu. Mvua imenyesha mfululizo, uwanja ukalainika kama ugali wa mtoto. Othmar alikuja akachomeka kijiti, kikazama, akapiga mluzi.

Nilituma watu vijiji vya Ngumbo na Lundo, kwa wazee wa mganda na wanawake wa kioda. Niliwaambia wa Ngumbo kwamba wa Lundo wamesema watu wa Ngumbo hawajui tena kucheza. Niliwaambia wa Lundo kwamba wa Ngumbo wamesema hivyo hivyo juu yao. Walikuja wote, wakiwa na ngoma na hasira. Walicheza uwanja mzima, kwenda na kurudi, mistari imenyooka, kofia nyeupe, wazee wenye fimbo wakatupa fimbo. Mimi nilicheza mwisho wa ziwani, mahali pale peke yangu, mpaka kanda za viatu zikakatika. Hata mke wa Dastan alicheza na mtoto mgongoni, na mtoto akalala. Leo kijiti cha Othmar hakiingii, kimevunjika.

Mageti yameliwa na mbuzi.

Kuhusu mlango wa bluu, sijui unazungumzia nini. Mbuzi wangu wamependa kuhamia nyuma ya jikoni, ni hiari yao. Kibanda cha babu yako nimekifagia, nimeweka kigoda ndani. Nitakaa mimi.

Njoo. Usipoweza, usije. Lakini njoo.

Kunigunda


Mtungulu
22 Aprili 2025

Rubani wangu,

Pasaka njema. Mimi mzima, na usishangae mwandiko kucheza, mkono bado uko juu huko. Mama yako Lidia alishuka kusali nasi. Maharage yake nimeyashukuru.

Ulikuwepo lakini ulikuwa unatazama visaa vyako, kwa hiyo nakusimulia usichokiona. Nilikuwa kibandani toka alfajiri. Niliposikia mlio nilipiga kengele. Toka babu yako alale kengele hiyo sijaipiga, nilikuwa natumia sufuria. Watu wote wakasimama pembeni, kimya, hakuna kwaya, hakuna kitu, Dastan akiwa ameshika mikono ya wajumbe wake kama watoto wa chekechea. Ukashuka. Nikasema moyoni, asipande, asipande. Magurudumu yakagusa pale pale walipocheza watu wa Ngumbo, ukaja ukasimama mbele ya soksi yangu. Mimi sikupiga kigelegele. Anayesema nilipiga ni mwongo, na wako wengi.

Kisha Kapteni Meshack, mtu mwenye adabu, akanipa mkono. "Shikamoo Mama. Panda tuzunguke mara moja." Nikasema, "Nani atafukuza mbuzi mkitaka kuondoka?" Ndipo Othmar, kwa kiherehere chake, akasema, "Nipe kengele, Bibi, nitafukuza mimi. Au unaogopa?" Kuogopa! Nikampa kengele.

Nilifumba macho, kweli. Uliposema "Bibi, fumbua," nilifumbua moja. Ziwa halina mwisho, mke mwenzangu! Nimekaa kando yake miaka yote hii nikidhani naliona. Na ule upande wa pili, milima. Nikaona mashimo yetu ya kilimo cha ngolo yamepangana mlimani kama sega la nyuki, nikakuuliza pale ni wapi, ukasema, "Mkumbi, Bibi." Njia yote ile niliyoshuka na mahindi kichwani nikiwa binti, iko pale, inatosha kuifunika kwa kiganja. Nikaifunika. Nilikuwa nimekaa nyuma yako naitazama shingo yako, shingo ile ile ya babu yako, haigeuki ovyo. Hapo ndipo nilipoanza kupiga kelele, na wewe ukadhani naumwa.

Halafu mkageuza tuteremke, nikaangalia chini nikauona uwanja wote, mrefu, umenyooka, na Othmar mdogo kama sisimizi anakimbiza mbuzi na kengele. Na unajua niliona nini tena? Mihogo yake! Mistari minne imevuka mpaka imeingia uwanjani, ukiwa chini huioni kwa sababu ya majani marefu ya pembeni, ukiwa juu inaonekana kama meno. Mtu anataka kugawa uwanja, kumbe ameshajigawia!

Nilinyamaza. Nilinyamaza tulipotua, nilinyamaza Kapteni alipokagua ardhi kwa kisigino, akasema mwezi wa tano madaktari wanakuja. Jumapili baada ya misa nilimngoja mlangoni.

"Othmar, mihogo yako inasali wapi siku hizi?"

"Mihogo gani, Bibi?"

"Mistari minne. Nimeihesabu kutoka mahali ambapo hata Dastan hajafika."

Akakuna kichwa. Akasema, "Na zizi lako?"

"Zizi gani? Nenda ukaangalie mwisho wa ziwani. Ukiliona zizi, nitakupa mbuzi wote walio ndani."

Alitazama miguu yake. Mimi nikatazama mnara wa kanisa. Tukakaa hivyo mpaka Winifrida akatuita chai. Tukaenda, na kwenye chai yakazungumzwa yaliyozungumzwa, yeye na mihogo yake, mimi na zizi langu.

Jana Jumatatu ya Pasaka mkutano ulijaa. Dastan akafungua, akasema ndege imetua, lakini mwenye neno aseme. Watu wote wakamgeukia Othmar. Akasimama na koti la harusi. "Ndugu wananchi," akasema, "uwanja huu ni macho ya watoto wetu." Nilitaka kucheka nikajiuma. Aliongea vizuri, mpaka nikajuta kumtukana, nikajuta kidogo. Mikono ikapanda yote. Mihogo ilikuwa imeshang'olewa kabla ya misa ya asubuhi. Tuliila ya kuchemsha na usipa, ilikuwa michanga lakini mitamu.

Mimi wamenifanya mwangalizi wa uwanja. Nilikubali kwa sharti moja, mbuzi wangu wachungwe humo siku zisizo na ndege, maana majani nani atakata? Othmar atanisaidia kupiga kengele. Ana pumzi, nilimwona toka juu.

Mlango wa bluu nimeurudisha kwenye kibanda cha babu yako, alama za vidole ziko chini pale pale. Ukija mwezi wa tano usizunguke juu yangu mara tatu, mara moja inatosha, nitajua ni wewe. Unapinda kona kama ulivyokuwa ukibeba ndoo, unaegemea upande mmoja. Jirekebishe.

Msalimie Kapteni Meshack na mke wake na wajukuu. Aliponiuliza lile zizi lilikuwa la nani nilijifanya namwita mbuzi. Mwambie nimefanya uchunguzi. Lilikuwa la Othmar. Othmar mwenyewe amekubali.

Bibi yako aliyeruka,
Kunigunda